Bili ya Hoteli: Isome Kabla ya Kulipa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalolifungua juma hili ni bili ya hoteli.

Tuseme umeingia mkahawa fulani jijini Nairobi. Orodha ya vyakula inasema wali kwa kuku ni shilingi 1,000. Umekula, umeshiba, umenawa. Bili inaletwa: shilingi 1,280! Hizo 280 zimetoka wapi?

Zimetoka mahali patatu. Kwanza ni kodi ya VAT, asilimia 16, yaani shilingi 160. Hiyo ni ya Serikali. Pili ni ushuru wa utalii, asilimia 2, shilingi 20. Huo huenda kwa Hazina ya Utalii, ambayo hugharimia pia Chuo cha Utalii, wanakofunzwa wapishi na wahudumu.

Tatu ni ada ya huduma, hapa asilimia 10, shilingi 100. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, tukidhani nayo ni kodi. Sivyo. Anayeiweka ni mwenye mkahawa. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaitambua kuwa ni malipo badala ya bahshishi. Haitozwi kodi iwapo haizidi asilimia 10, na iwapo hugawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa mapatano yaliyoandikwa.

Basi mteja aliyelipa ada hiyo, kisha akaacha noti mezani, ametoa bahshishi mara mbili. Hiyo ni hiari yake. Ubaya ni pale fedha zile zinapobaki kwa tajiri: mteja ametozwa kwa jina la mhudumu, na mhudumu hakuona kitu. Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria inawalazimisha waajiri kuwapa wafanyakazi bahshishi na ada ya huduma yote.

Tufanyeje? Kabla ya kuagiza, tazama maandishi madogo chini ya orodha: je, bei ni pamoja na kodi na ada? Bili ikija, ijumlishe mwenyewe. Ukiona ada ya huduma, usimfokee mhudumu. Si yeye aliyeiweka. Mwite meneja, umuulize kwa upole: fedha hizi anapewa nani? Kuuliza si ujinga, na pengine yule aliyekuletea sahani anangoja kwa hamu mtu aulize.

Hadi juma lijalo, kwaherini.