Kukandwa Kukakufaa



Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, kukandwa si anasa ya hotelini. Mzazi huletewa mkandaji nyumbani katika siku za arubaini, akapakwa mafuta ya nazi au ya simsim, kisha akafungwa mkaja. Nyanya huchuliwa magoti na wajukuu baada ya Isha. Twaona mengi husemwa juu ya mafuta na mikono ya mkandaji, na machache mno juu ya yule anayekandwa, ilhali mwili ni wake.

Jambo la kwanza ni ulimi. Wengi wetu hujilaza kimya kama maiti mbele ya muosha. Mkandaji hodari hawezi kuyapima maumivu yako ila kwa neno lako. Basi kabla hujalala mkekani mweleze panapouma na tangu lini, dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu isigande, na kama una presha au sukari. Mwenye mimba, hata changa, asione haya kuitaja. Ukijikuta umezuia pumzi na kukunja vidole vya miguu, mkono umepita mpaka: sema. Wako wanaoamini kwamba mkono usioumiza hauponyi. Sisi hatukubaliani nao, kwani mwili unaojihami hukaza misuli ile ile inayotakiwa kulegea.

Ama sitara, wanazuoni wengi wamesema awra ya mwanamke Muislamu mbele ya Muislamu mwenzake wa kike ni baina ya kitovu na magoti. Leso mbili zatosha: kinachokandwa kifunuliwe, kilichobaki kifunikwe. Hapo sitara na tiba zimekutana, maana mwili wenye baridi haulegei. Mlango ufungwe, na simu zote zibaki nje ya chumba.

Usile sahani ya pilau ukaenda kulalia tumbo. Acha saa moja au mbili zipite. Mafuta ya karafuu yasipakwe matupu, kwa kuwa huchoma ngozi. Yatiwe matone machache ndani ya mafuta ya nazi, na yasifike kwenye matiti ya anayenyonyesha.

Sasa tuje kwa mzazi, na hapa twaomba mama wakwe na mashangazi watusikilize. Mimba huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na hatari hiyo huzidi katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenziwe, ukawa na joto na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, usikandwe kabisa. Huenda ndani yake mna bonge la damu, na mkono ukilisukuma laweza kusafiri hadi mapafuni na kuua kwa muda mfupi. Mzazi huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Akiwa anahema au kifua chamuuma, aondoke saa hiyo hiyo. Neno "ni uchovu tu, mchueni" ndilo tunaloliogopa.

Aliyezaa kwa upasuaji tumbo lake lisiguswe, wala mkaja usikazwe juu ya mshono, mpaka daktari aruhusu. Mabega, shingo na mikono yake yaweza kukandwa polepole, na kwa mama anayeinamia mtoto usiku kucha hiyo si rehema ndogo. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, au damu inayolowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, hayo ni ya hospitali. Maji ya moto nayo yajaribiwe kwanza kwa mkono, na mwenye sukari aliyekufa ganzi nyayoni ajaribiwe na mtu mwingine.

Kumgeuza mtoto tumboni kwa kukanda hatukuafiki hata kidogo. Kondo la nyuma laweza kubanduka, damu ikamwagika ndani. Madaktari huwageuza watoto wengine, lakini kwa kuchunguza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu.

Baada ya kukandwa inuka taratibu, kwani wengine hupata kizunguzungu. Kunywa maji ukiwa na kiu; habari ya kwamba yanaosha sumu iliyotoka misulini haina ushahidi. Mkandaji alipwe siku ile ile, kwa bei mliyopatana kabla hajafungua chupa ya mafuta.

Na maumivu yakirudi pale pale kila baada ya siku chache, itazame nyumba yako kabla ya kumwita tena. Mgongo wa chini waweza kuwa ni wa mbuzi ya kukunia nazi na ndoo za maji, na shingo ni ya kumnyonyesha mtoto bila mto mapajani. Mto huo uwekwe leo.