Lubumbashi: Namba sita zinazowafungulia wezi mlango wa simu

Katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba, makuta ya chakula, ya nyumba na ya masomo ya watoto yanapita leo ndani ya simu. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, kutuma franka ao dola kupitia simu kumekuwa benki ya watu wasio na benki. Wezi nao wamefuata makuta kule yalikohamia.

Njia moja ni ya zamani, lakini ingali inakamata watu. Ujumbe unaingia: umepokea pesa. Kisha mtu anapiga simu kwa sauti ya huzuni, anasema amekosea namba, mtoto yuko hospitalini, tafadhali mama, rudisha. Mama anarudisha makuta yake mwenyewe, kwani hakuna kitu kilichoingia. Ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida yenye kuanza na +243, si kwa jina la huduma. Na hata jina linaweza kuigwa. Dawa ni kutazama salio kwanza, kilio cha mpigaji baadaye.

WhatsApp ni hatari zaidi, kwa sababu hapo mwizi anakuja na sura ya rafiki. "Nimekutumia namba sita kwa makosa, nirudishie." Namba hizo ni ufunguo wa akaunti. Mwenye kuzitoa anafungiwa nje, na jamaa zake wote wanaanza kuombwa pesa kwa jina lake. Kinga haina bei: katika mipangilio ya WhatsApp, fungua sehemu ya akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa namba ya siri unayoichagua mwenyewe. Hapo namba sita pekee hazitoshi tena.

Wengine wanaomba ubonyeze **21* ikifuatwa na namba fulani. Hiyo si zawadi ya megabaiti. Inapeleka simu zako zote kwao. Ukishabonyeza, piga ##002# kufuta.

Kisha kuna kazi za migodi. Katika mji ambapo vijana wanatoka Unilu na diploma na kungoja, tangazo la kazi Kolwezi ao Likasi linasambazwa bila kusomwa mara mbili. Kiungo kinafungua fomu yenye nembo ya kampuni, mwishoni wanaomba makuta ya "dosye". Soma anwani ya ukurasa: maneno yaliyo mara tu kabla ya .com ao .cd ndiyo yanaonyesha mwenyewe ni nani. Jina la kampuni likikaa mbele zaidi, likifuatwa na nukta na jina lingine, ukurasa si wake. Na kampuni yenye kutafuta mfanyakazi inalipa mshahara, hailipishi.

Aliyekwisha kutuma pesa asingoje kesho kwa haya. Apigie kampuni yake ya simu mara moja kuomba muamala uzuiliwe, maana pesa ikitolewa kabini ni vigumu sana kuirudisha. Asifute ujumbe, apige picha za skrini, aandike saa na namba, apeleke malalamiko polisi ao parke. Kongo ina Sheria ya Dijitali, amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kuadhibu makosa ya mtandaoni, na bila ushahidi huo mashtaka yanabaki maneno matupu.