Kuuza Dagaa na Mawese kwa Mtandao: Vibali Gani Vinahitajika?



Katika ziara za ufuatiliaji wa miradi ya kujiongezea kipato tumekuta jambo ambalo halikuwamo katika andiko la mradi. Akina mama tuliowawezesha kuanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani hawasubiri tena mnunuzi aje Kibirizi au Katonga. Asubuhi picha inawekwa WhatsApp, mteja wa Dodoma anatuma fedha kwa simu, na mzigo unapanda basi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kikundi kimoja mzigo wake ulizuiliwa njiani kwa kukosa karatasi, mteja akadai fedha zake, na wakamrudishia kutoka mfuko wa mikopo ya wanachama. Ndiyo maana tunaandika.

Wengi wanauliza kama ipo leseni ya kuuza mtandaoni. Baadhi walisikia habari za Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 wakaogopa. Leseni ya kanuni hizo iliwahusu wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni, si mama anayeuza migebuka. Muuzaji wa mtandao anadaiwa yale yale anayodaiwa mwenye duka: namba ya mlipakodi (TIN) kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, na leseni ya biashara kutoka Manispaa ya Kigoma/Ujiji au halmashauri ya wilaya yake, ambayo siku hizi huombwa kwa mfumo wa TAUSI. Kikundi kinachotumia jina la biashara hulisajili BRELA. Mwaka 2025 TRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaofanya biashara mtandaoni wajisajili, hivyo kusema "sina duka" hakusaidii. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato katika utaratibu wa makadirio, ila TIN anatakiwa kuwa nayo.

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Fomu za BRELA na za TIN zinajazwa kwa namba ya NIDA, na mkoa wetu uko mpakani. Wapo akina mama waliozaliwa Ujiji, wakabatizwa na kufunga ndoa hapa hapa, ambao bado wanahojiwa uraia wao na hawajapata namba. Anayekosa namba hawezi kuandikishwa kuwa mwenye jina la biashara, ingawa yeye ndiye anayeanika dagaa. Tunaomba kamati za usharika zisiwaache nyuma. Msaidieni kila mmoja kukusanya cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na vielelezo vya wazazi, mfuatilie pamoja naye.

Kwa samaki na dagaa ipo sheria nyingine, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Mfanyabiashara anahitaji leseni ya mazao ya uvuvi, na mzigo unaosafiri uwe na kibali kutoka kwa ofisa uvuvi. Kibali kikatwe kabla mzigo haujafika stendi. Kuwatumia ndugu walioko Ulaya au Marekani ni jambo jingine kabisa, lenye vibali vyake vya kusafirisha nje, msiahidi.

Kumbukeni pia kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Ushauri wetu ni kutopokea fedha za mzigo ambao haumo ghalani.

Mawese yaliyofungashwa na sabuni huangukia TBS, ambayo tangu Julai 2019 inashughulikia pia usalama wa chakula na vipodozi. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO apate barua ya utambulisho, maana kwa barua hiyo wajasiriamali wadogo wamekuwa wakihudumiwa bila gharama kwa miaka ya mwanzo.

Jambo moja la ndani. Tumeona vifungashio vyenye jina la usharika, na namba ya malipo ikiwa ya simu ya mwenyekiti. Kanisa halikusajiliwa kufanya biashara ya dagaa. Kikundi kiwe na jina lake na Lipa Namba yake, na tangazo lionyeshe jina, mahali na bei, kama Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inavyomtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi.

Kwa wafadhili wetu: bajeti zetu zimekuwa na vichanja, chumvi na mafunzo, bila senti ya leseni na vibali. Kosa hilo ni la ofisi yetu. Maandiko yajayo yatakuwa na kifungu hicho, pamoja na nauli ya kufuata ofisi, ambayo kwa vijiji vya mwambao wa kusini hupita ada yenyewe.

Kamati zinazotaka kujaziwa fomu zilete kwenye ofisi ya miradi muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na namba za NIDA za viongozi.