Kopo la Kiwi na kopo la Naturub

Ukiingia duka la rejareja mjini Kakamega asubuhi na mapema, wakati watoto wa shule wanakuja kununua kalamu na mandazi, tupia jicho rafu iliyo nyuma ya muuzaji. Si ajabu ukute Kiwi nyeusi ya viatu imekaa bega kwa bega na dawa ya kupaka ya Zam-Buk, vijikopo vya Vicks Kingo vimepangwa juu ya Robb, na chini kabisa kuna Mansion nyekundu, ile waliyopaka sakafu za saruji wanafunzi wa bweni miaka nenda miaka rudi, wakiteleza juu ya matambara hadi ing'ae. Vyote ni vya bati, vyote ni vya duara. Mtu asiye na miwani yake huvitofautisha kwa kunusa tu, na hata pua wakati mwingine humdanganya.

Pua haina kosa. Rangi ya viatu na dawa ya kupaka kifuani hutengenezwa kwa mbinu moja: nta au mafuta mazito huchanganywa na kitu chepesi kinachoruka hewani. Fundi wa viatu anakitaka kile kinachobaki. Kimiminika kikishakauka, nta husalia juu ya ngozi na brashi huilainisha mpaka kiatu kimeremete. Mwenye mafua anakitaka kile kinachoruka. Mafuta ya mgando yanabaki kifuani, mvuke unapanda puani. Kwa hiyo mvuke ambao mpiga kiwi anauacha upotee ndio hasa mgonjwa anaoulipia.

Hata viungo vilikuwa vinaingiliana. Tapentaini, inayotokana na utomvu wa misonobari, iliyeyusha nta ya kung'arishia samani na viatu, na wakati huohuo ikachuliwa vifuani na hata kunyweshwa watu wenye minyoo, kwa hasara ya figo zao.

Kampuni zenyewe zilizaliwa karibu wakati mmoja. William Ramsay alianza kuuza Kiwi mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaipa jina la ndege wa New Zealand alikotoka mkewe. Miaka minne kabla yake, Charles Fulford wa Leeds, Uingereza, alikuwa ametoa Zam-Buk, malhamu ya kijani iliyopendwa sana viwanjani, hadi watu wa huduma ya kwanza kwenye mechi za raga huko Australia na New Zealand wakaitwa mazambuk. Marekani nako, mwuza dawa Lunsford Richardson wa Greensboro, North Carolina, alichanganya mentho, kafuri na mafuta ya mkaratusi, akaazima jina la shemeji yake, daktari Joshua Vick. Kabla ya kuitwa VapoRub, dawa hiyo ilijigamba kwenye jina lake kwamba ni ya numonia. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilipozuka, mauzo yake yaliruka kutoka dola 900,000 hadi milioni 2.9 katika mwaka mmoja. Numonia haikupona kwa hilo.

Enzi hizo mwenye dawa hakulazimika kusema ameweka nini ndani. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichoka, kikapeleka dawa za siri maabara na kuchapisha kitabu, Secret Remedies, kilichoanika kilichomo na gharama yake halisi. Nyingi zilikuwa vitu vya senti chache ndani ya kopo la bei kubwa. Rangi za viatu nazo zilikuwa na siri zao. Baadhi ya rangi za zamani zenye anilini au nitrobenzini zilipenya kutoka kwenye kiatu kibichi hadi kwenye ngozi, zikazuia damu kubeba oksijeni, na aliyekivaa akageuka midomo na kucha rangi ya samawati.

Kakamega ina kopo lake pia, na historia yake ni tofauti.

Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, huota kichaka ambacho Waluhya hukiita mwonyi. Ni jamaa wa mrehani na kivumbasi. Ukifikicha jani lake moja kati ya vidole, harufu inayotoka ni kali, baridi, ya kupenya hadi nyuma ya macho. Mtu wa Lamu au Mombasa akiinusa atakumbuka karafuu maiti, ile inayowekwa kwenye maji ya kuoshea marehemu. Mtoto wa Shinyalu, kando ya msitu huo, atakumbuka blanketi na bakuli la maji ya moto. Wote wamenusa kitu kilekile, kwa kuwa karafuu maiti ni kafuri, na mafuta ya mwonyi yamejaa kafuri.

Wazee waliutumia mmea huu kwa mafua na kifua, wakauchoma kufukuza mbu, wakauweka ghalani. Hayo hayakuachwa yabaki masimulizi. Mwaka 1995 watafiti, akiwemo Ahmed Hassanali wa taasisi ya wadudu ya icipe jijini Nairobi, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwonyi kweli huwadhuru wadudu wa nafaka. Baadaye ulijaribiwa dhidi ya mbu wa malaria magharibi mwa Kenya, na wakapungua.

Mwaka 1997 wakulima wa Kakamega waliunda kikundi cha uhifadhi cha Muliru. Wakishirikiana na icipe, walianza kuupanda mwonyi mashambani. Majani yake hutiwa kwenye tangi, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake na kuondoka na mafuta, kisha ukipozwa bombani mafuta huelea juu ya maji, tayari kutengwa. Mwaka 2005 dawa ya kupaka ya Naturub iliingia sokoni ikiwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tuzo haikuwa ya kutibu mafua, ilikuwa ya msitu. Mukombero, ule mzizi unaotafunwa kote magharibi mwa Kenya, huchimbwa, na ukishachimbwa mmea umekwenda. Mwonyi hukatwa majani shambani, ukachipua tena, na mwenye shamba akapata sababu ya kutoingia msituni na panga.

Je, vikopo hivi vya dawa vinatibu? Jibu linaanzia kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 2002 David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, walitambua kipokezi cha baridi kinachoamshwa pia na mentho. Walipata Nobeli mwaka 2021 kwa utafiti wao kuhusu hisia. Ubongo unaambiwa hewa baridi inapita, hata kama haipiti. Huko Cardiff, Ronald Eccles alipima hewa inayopita puani kabla na baada ya mentho, akakuta haijaongezeka, ilhali watu waliapa kwamba wanapumua vizuri.

Lakini faraja nayo ni kitu. Mwaka 2010 Ian Paul na wenzake wa Pennsylvania waliwagawa watoto 138 wenye mafua: wengine walipakwa dawa ya mvuke, wengine mafuta ya mgando matupu, wengine hawakupakwa chochote. Ili wasijue mtoto amepakwa nini, wazazi walijipaka wenyewe dawa hiyo ya mvuke chini ya pua. Hata hivyo wengi walitambua. Waliopakwa dawa walilala vizuri zaidi. Utafiti huo ulidhaminiwa na watengenezaji wa Vicks, jambo la kutiliwa maanani, ingawa mzazi aliyekesha siku tatu huenda asijali. Kirusi cha mafua hakiguswi. Mtoto anayehema mbiombio huku mbavu zikibonyea ana dalili za numonia, na mahali pake ni hospitali.

Hatari iko kwenye kulamba. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumtia mtoto degedege katika dakika chache. Ndiyo sababu Marekani iliweka kikomo cha asilimia 11 katika dawa za kupaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dawa hizi hazipakwi ndani ya pua, wala kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda ni hatari nyingine ya kumeza nyumbani, kwa kuwa huteleza yakaingia mapafuni.

Mtoto akimeza chochote kati ya hivi, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uende na kopo lenyewe pamoja na kifuniko chake, ili muuguzi asome kilichoandikwa.