Tairi nne au sita? Kununua pikapu ya kuvuta nyumba huko Marekani

Muuguzi anayefanya kazi kwa mikataba ya muda Marekani huhama kila baada ya wiki 13 hivi. Kodi ya chumba cha muda mfupi karibu na hospitali ni kali, kwa hiyo wapo wanaoamua kununua tela la nyumba na kulivuta kutoka mji hadi mji. Kama wewe ni mmojawapo, au una ndugu huko anayepanga hivyo, kuna swali moja la kujibu kabla ya kulipa amana yoyote.

Tela kubwa la aina hii halifungwi kwenye ndoano ya nyuma. Shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye kiti cha chuma, karibu sawasawa na ekseli ya nyuma. Mzigo wote wa shingo unabebwa na ekseli hiyo. Je, iwe na tairi moja kila upande, yaani pikapu ya tairi nne, au tairi pacha, yaani pikapu ya tairi sita?

Muuzaji atakutajia uwezo wa kuvuta. Atasema gari hili linavuta paundi 20,000, tela lako ni 14,000 tu, wasiwasi wa nini? Usikubali kuishia hapo. Injini za siku hizi zina nguvu kubwa ya kuvuta kuliko uwezo wa springi, ekseli na tairi za nyuma kubeba. Kinachoisha kwanza ni uwezo wa kubeba, na namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango, isome, ipige picha. Pikapu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana kwa mamia ya paundi kwa sababu ya kebini, injini na vikorombwezo.

Tufanye hesabu ya tela la paundi 14,000 (kama kilo 6,350) likiwa limejaa. Shingo hukalia pikapu kwa asilimia 20 hadi 25 ya uzito huo. Chukua asilimia 22: paundi 3,080. Kiti cha chuma 200. Watu wanne 600. Jenereta na zana 200. Jumla paundi 4,080.

Pikapu ya tairi nne ya daraja linaloitwa tani moja, kwa kawaida, hubeba kati ya paundi 3,500 na 4,300. Ya dizeli huangukia chini ya fungu hilo kwa sababu injini yenyewe ni nzito na uzito wake unakula sehemu ya mzigo wako. Kwa tela letu la mfano, ya dizeli imeshindwa na ya petroli imepenya kwa shida. Ya tairi sita hubeba paundi 5,000 hadi 6,500, na hapo unabaki na nafasi ya kupumua.

Ile ya daraja linaloitwa robo tatu ya tani, yenye dizeli, usiinunue kwa kazi hii hata ikiwa bei yake inavutia. Mara nyingi hubakiwa na paundi 2,000 na ushee tu za kubeba.

Ukiangalia tangazo la tela, usitumie uzito mtupu ulioandikwa kwa herufi kubwa. Tela hilo halina maji, gesi, vyombo wala nguo zako. Galoni 60 za maji peke yake ni kama paundi 500. Tumia uzito wa juu unaoruhusiwa, kwa sababu mtu anayeishi ndani ya tela huufikia upesi.

Na kuna dawa ya uongo inayouzwa kila mahali: vifuko vya hewa vya kuwekwa kwenye springi. Vinanyanyua mkia wa gari likasimama sawa, na kwa hilo vina faida. Haviongezi hata paundi moja kwenye kibandiko. Tairi na ekseli ni zilezile, zimezidiwa vilevile, ila sasa huoni kwa macho.

Basi kwa nini kila mtu asinunue ya tairi sita? Kwa sababu gari hilo linakula pesa hata siku ambayo halivuti chochote, na siku hizo ni nyingi. Mkataba ukianza, tela linaegeshwa miezi mitatu na pikapu inageuka kuwa gari la kwenda kazini na sokoni.

Upana wake nyuma ni kama futi 8. Nafasi ya maegesho ya kawaida Marekani ni futi 9 hivi, kwa hiyo unabakiwa na inchi 6 kila upande, na jirani yako akiegesha vibaya huna pa kupita. Mashine nyingi za kuoshea magari hazilipokei. Kwenye theluji, likiwa tupu, tairi pacha hugawana uzito mdogo uliopo na kuteleza kirahisi zaidi. Likiwa halina tela, mafuta nayo yanakwenda zaidi kidogo.

Tairi ndizo gharama ya kuangalia sana. Tuseme moja ni dola 250: seti ya nne ni 1,000, ya sita ni 1,500, na ufundi juu yake. Halafu pacha wawili wanapaswa kulingana kimo. Ukiharibikiwa na tairi moja wakati mwenzake ameshachakaa nusu, huenda ukalazimika kununua mbili. Kwenye magari mengi rimu za nje ni za alumini na za ndani ni za chuma, hivyo kuzungusha tairi kunataka zivuliwe kwenye rimu, na gereji inatoza kazi hiyo. Tairi ya ndani ikipungua upepo, pacha wake anabeba mzigo kimyakimya hadi apate joto na kupasuka. Nunua kipimo cha upepo chenye shingo ndefu na ukitumie kila safari.

Kwa upande wa usalama, hata hivyo, tairi sita zina faida ambayo siwezi kuipuuza. Tairi moja ya nyuma ikipasuka mwendoni, pacha wake hulishikilia gari kwa muda wa kutosha kusogea pembeni. Na upepo wa pembeni ukipiga ubavu wa nyumba yako ndefu, ekseli pana hutulia kuliko nyembamba.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kwenye madaraja na mahandaki kati ya New York na New Jersey, tairi pacha nyuma hukupandisha daraja la ushuru. Majimbo yanayotoza usajili kwa uzito yatakutoza zaidi. Leseni ndiyo huwashtua wengi: Texas hutaka leseni ya daraja A, hata isiyo ya biashara, ikiwa pikapu na tela kwa uzito wa juu unaoruhusiwa vinazidi paundi 26,000 na tela limepita 10,000. Pikapu ya tairi nne ya paundi 12,000 na tela la 14,000 zinagota hapohapo, 26,000 kamili. Pikapu ya tairi sita ya paundi 14,000 na tela lilelile zimevuka. Uliza sheria ya jimbo lako kabla ya kununua.

Dizeli ikiwa mpya huongeza bei kwa dola kama 10,000, na matengenezo yake ni ghali. Inastahili kwa anayepanda milima mara kwa mara. Anayehama mara nne kwa mwaka kwenye tambarare achukue petroli.

Kwa iliyotumika, tahadhari na pikapu za tairi sita zilizotoka kwenye biashara ya kusafirisha mizigo. Nyingi zimekimbia masafa marefu kuliko rangi yake inavyoonyesha. Dai kuonyeshwa saa za injini, si maili peke yake. Zilizotoka majimbo ya kaskazini, lala chini uangalie kutu ya chumvi ya barabarani. Na bodi fupi iepuke: mara nyingi hutaka kiti cha chuma kinachoteleza, ambacho ni ghali na kizito zaidi.

Uamuzi wangu ni huu. Tela lenye uzito wa juu wa paundi 12,000 au chini yake: tairi nne, tani moja, petroli, bodi ndefu. Likizidi 14,000: tairi sita, na kama hela haitoshi, punguza tela badala ya kupunguza tairi. Katikati ya hapo, ikiwa pikapu ndiyo gari lako pekee la kila siku, tafuta tela jepesi zaidi ubaki na tairi nne. Kama tela limeshanunuliwa, lipeleke likiwa na mizigo yake kwenye mizani ya vituo vya malori; kupima hakufiki dola 20. Fanya hivyo kabla hujatia saini ya pikapu.