Milango ya fahamu ya mtoto ni amana

Surat An-Nahl, aya ya 78, inatukumbusha kwamba mwanadamu huzaliwa hana alijualo, kisha inataja kusikia, kuona na nyoyo kuwa ni neema zinazostahiki shukrani. Tujiulize basi: mtoto wa miaka minne atashukuru vipi neema ambayo hajafunzwa kuitambua?

Katika nyumba nyingi, na hata katika baadhi ya vyuo vyetu, mtoto wa umri huo huketishwa na kuamriwa aitikie tu. Akishika rangi, huambiwa anachafua. Sisi tunaona kwamba kazi za sanaa ni somo kamili kwake, kwani mtoto mdogo hujifunza kwa kugusa, kunusa na kujaribu.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate elimu ya awali isiyotengana na dini. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ikaanzishwa programu ya shule za awali za madrasa, ambayo baadaye ilifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walifunzwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vya gharama ndogo vipatikanavyo katika mazingira yao.

Mzazi naye anaweza kufanya hivyo nyumbani. Kwa kugusa, mtoto abandike juu ya kipande cha boksi mchanga, pamba na makumbi ya nazi. Kisha afumbe macho, apapase na kutaja kipi laini, kipi kinakwaruza. Kwa kunusa na kuona, apake karatasi kwa manjano yaliyochanganywa na maji, halafu aongeze rangi ya buluu, aone kijani kinavyozuka. Kwa kuonja, apewe embe, ndimu na chumvi, achague rangi ya kila ladha. Kwa kusikia, chupa ndogo zitiwe mchele, kunde na mchanga, mbili kwa kila aina, zifungwe barabara na kuvikwa karatasi alizozipamba mwenyewe. Atikise na kutafuta zinazolingana. Mkubwa awepo daima, kwani punje huweza kumpalia mtoto.

Wapo wenye wasiwasi juu ya kuchora, kwa kuwa wanazuoni wengi wamekataza picha za viumbe wenye roho. Majani, matunda na nakshi za milango yetu vinatosha.

Lipo jambo zito zaidi. Mtoto ambaye kila mara hapati chupa zenye sauti moja, au anayesogeza karatasi karibu na pua ndipo aone, huenda ana kasoro ya masikio au macho. Mtoto huyo mara nyingi huitwa mkaidi au mzito, na pengine huchapwa kwa aya ambayo hakuisikia. Hiyo ni dhulma. Usaha wa sikio usiotibiwa huweza kupunguza usikivu, na tatizo likigunduliwa mapema, matibabu humwokoa asichelewe kusema na kusoma. Apelekwe hospitali kabla ya kuinuliwa fimbo.

Surat Al-Israa, aya ya 36, inatuonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Sisi wazazi na walimu, tujiandae kuulizwa pia tulivilinda vipi vya watoto wetu.

Wabillahi taufiq.