Mkunga aliyebebwa mbali kuliko wote

Ni mkunga samaki huyu, si yule wa wodi ya wazazi. Kwa safari ndefu, kombe analishika mkunga wa Ulaya: huzaliwa Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki, akabebwa na Mkondo wa Ghuba zaidi ya kilomita 5,000. Njia nzima yu bapa kama jani, mwangavu hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia mwili wake.

Bingwa wa subira ni binadamu, mtafiti Johannes Schmidt wa Denmark. Mwaka 1904 alimnasa mchanga mmoja wa kama sentimita 7 na nusu karibu na visiwa vya Faroe, akaanza kuufuata mkondo kinyumenyume. Kila alipokuta wadogo zaidi alijua kwao kunakaribia. Alisaka mpaka 1922.

Njiapanda katili kuliko zote naipa Ufilipino. Mkunga wa Japani huzaliwa magharibi ya visiwa vya Mariana. Mei 2009 watafiti walipata huko mayai 31 tu, kila moja milimita 1.6. Mkondo wa Ikweta ya Kaskazini huwasukuma wachanga magharibi, halafu ukikaribia Ufilipino unachanika. Aliyeangukia Kuroshio atafika Taiwan na Japani. Aliyechukuliwa na mkondo wa Mindanao, kwaheri. Miaka ya El Niño mazalio husogea kusini, wengi huangukia tawi hilo baya, na wavuvi wa Japani huinua nyavu nyepesi.

Kwa maji kujaa na kupwa, twende mto Severn, Uingereza, ambako tofauti hufikia mita 14. Usiku wa bamvua, majira ya kuchipua, wavuvi husimama ukingoni na taa na nyavu za mkono. Wachanga hawajichoshi: maji yakijaa hupanda juu wakasukumwa, yakipwa hulala chini wakangoja. Tangu miaka ya 1980 wanaofika Ulaya wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mabwawa na uvuvi havikosi lawama.

Kwa kuenea, mshindi ni wa kwetu pia: mkunga wa mabakamabaka, kutoka Afrika Mashariki hadi Polinesia ya Ufaransa. Wachanga wa upande wetu wanadhaniwa kuzaliwa mashariki ya Madagaska, ambako mkondo hugonga kisiwa, ukagawanyika, tawi la kaskazini likazunguka ncha hadi huku. Mtoni tunamkuta keshakua, na wapo wanaotoka mbio wakidhani ni nyoka.